Nesi wa Kenya: Riyadh (Saudia) au Leeds (Uingereza)?

Kama shida ni kukusanya hela upesi, Saudia inashinda. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, na waajiri wengi hutoa nyumba. Mtihani wa kupata leseni ya unesi ni wa kompyuta, basi. Ila kumleta mtegemezi ni riali 400 kila mwezi kwa kichwa, na kibali cha ukaazi kimefungwa kwenye kazi.

Uingereza ina mlolongo: CBT (mtihani wa kompyuta), kisha OSCE (mtihani wa vitendo) ukiwa huko huko, unamhudumia mgonjwa wa kuigiza huku msahihishaji akiangalia hata unavyonawa mikono. Kodi na pango vinaumega mshahara kabla hujatuma nyumbani kitu. Lakini nesi huruhusiwa kwenda na familia. Walezi wa wazee ndio waliozuiwa kwenda na familia, Machi 2024. Mwenye watoto wadogo ningemwambia Leeds, baridi na yote.