Nimeomba msaada kwa scons -h nikaletewa mambo yasiyonihusu

Naandika hii hasira bado zipo, mnivumilie.

Juzi kati nilipewa programu ya watu niikompaili, C++ kubwa tu, inajengwa na SCons, kile chombo cha kugeuza kodi kuwa programu. Nilichotaka ni kitu kimoja, toleo la debug, lile la kutafutia makosa, nikamate sehemu inapoanguka. Sasa mtu akikwama hapo anafanya nini? Anaandika scons -h. Nikaandika. Jamani! Ikashuka orodha ndefu ya opsheni za SCons yenyewe, -c ya kusafisha, -j ya kugawa kazi, -k ya kuendelea hata kama kuna kosa, skrini imejaa mpaka inabidi urudi juu, na hamna hata mstari mmoja unaohusu hii programu. Yaani umeingia hotelini umeuliza leo kuna chakula gani, mtu anaanza kukuelezea jiko linavyowashwa.

Basi nikabahatisha, scons debug=1. Haikulalamika. Ikaanza kujenga, laptop inaunguruma, nikakaa pale kama saa moja na nusu hivi, naifungua kwenye gdb, kile chombo cha kusaka makosa, hamna simboli hata moja, yaani majina ya kunionyesha niko wapi kwenye kodi. Kumbe jina lenyewe ni mode=dbg!! SCons ukiipa jina isilolijua inapokea na kunyamaza, mpaka aliyeandika SConstruct, lile faili la maelekezo ya kujenga mradi, awe ameweka mwenyewe ukaguzi wa UnknownVariables, na huyu hakuweka. Pale pale SCons nikaiandikia nyota 1 kwenye tathmini yangu hii.

Nikamuuliza anayesimamia mradi, kwa heshima zote, "Samahani mkuu, opsheni za kujengea zimeelezwa wapi?" Akajibu, "Si Python hiyo, fungua SConstruct usome." Hata neno "karibu" hakusema.

Nikasoma. Na nilichokikuta ndicho kilichoniuma zaidi, maana opsheni zote zilikuwa zimesajiliwa kwenye Variables, orodha ya opsheni za mradi, na kila moja ina sentensi yake ya maelezo, mtu alikaa akaziandika vizuri kabisa, halafu hakuna anayeziona kwa sababu hakuna aliyeita Help(), ile amri ya kuzitoa mtu akiandika -h. Mstari mmoja tu! Help(vars.GenerateHelpText(env)). Nikauweka, nikarudia scons -h, zikatoka zote, jina, maelezo, thamani ya kawaida na thamani iliyopo sasa hivi. Ukitaka kuongeza mifano yako unaita Help() tena, maandishi yanaungana, na anayetaka zile za SCons yenyewe anaandika -H, chini pale inamkumbusha. Nilifurahi nyie, nikafuta ile 1 nikaweka 5, nikajiambia SCons haina kosa, kosa ni la watu.

Nikamtumia yule bwana ule mstari. "Haina haja, anayejua anajua." Sasa anayejua ataandika -h ya nini?! Help ni ya yule asiyejua, wa usiku wa manane, mgeni wa wiki ya kwanza, hata wewe mwenyewe ukirudi baada ya miezi sita umeshasahau. Mimi mtu akiniuliza namjibu, na kama nimechoka kujibu naandika.

Ila zile 5 nazo sijadumu nazo. Nikahamia mashine nyingine ambayo laibrari moja haipo, naandika scons -h nione kama kuna namna ya kuizima, napigwa kosa kwamba laibrari haipo, na inaishia hapo. Msaada haujatoka! Sababu ni kwamba SCons inasoma SConstruct yote kwanza ndipo ichapishe ulichoweka kwenye Help(), sasa kukiwa na Exit(1), amri ya kusimamisha kila kitu, katikati huoni kitu, na ndio wakati unauhitaji kuliko wakati wowote. Dawa ipo, unazungushia ule ukaguzi wa laibrari if not GetOption('help'), yaani mtu akiomba msaada ukaguzi unarukwa, nimejaribu inafanya kazi, lakini kwa nini mpaka nihangaike hivyo mimi mjengaji tu?

Kwa hiyo nimeweka 3, labda 4 kama faili ni yako mwenyewe. Mradi wenyewe siupi hata nusu. Nimeangalia asubuhi hii, mode=dbg bado haijaandikwa popote kwenye README yao.