St. Mary's ya Oud Metha, Dubai: parokia kubwa, na namna ya kutopotelea humo

Familia nyingi zinazotoka Nairobi, Arusha au Kampala kwenda kufanya kazi Dubai hutajiwa jina hili kabla hata ya kupanda ndege. Waliolitaja hawakukosea. St. Mary's ni parokia ya Kikatoliki ya miaka ya 1960, ilijengwa kwenye ardhi aliyoitoa Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, na kanisa linalotumika sasa lilijengwa 1989. Jirani yake kabisa ni Holy Trinity ya Waanglikana, ambako makundi mengi ya Kiprotestanti na ya kilokole hukodi kumbi. Kwa hiyo hata msio Wakatoliki mtashukia kituo hichohicho cha metro.

Hukumu yetu kwa ufupi: mafundisho ya watoto ni mazuri sana, ibada ni nzuri, lakini kupata watu wanaokujua kwa jina ni kugumu mpaka ujue pa kubisha hodi. Unaweza kusali hapo mwaka mzima na asiwepo hata mmoja atakayeuliza siku ulipokosekana.

Sababu iko kwenye mpangilio. Kwetu Mkatoliki huingia parokiani kwa mlango wa jumuiya ndogo ndogo: nyumba kumi au kumi na tano, mwenyekiti, katibu, rozari ya zamu nyumba kwa nyumba. Mtoto habatizwi mpaka mwenyekiti atie sahihi. Ukihamia mtaa mpya, wao ndio wanaokutafuta. Dubai usingoje kutafutwa. Huko watu wamejipanga kwa lugha na kwa utume, yaani kazi za kujitolea kanisani. Kiingereza ndicho kinachotawala, na Wamalayali, Wafilipino, Wagoa, Watamil, Waarabu na wengineo wana misa za lugha zao. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha za kila wiki, kwa hiyo asije mtu akakaa benchi la nyuma akisubiri kusikia "Bwana awe nanyi".

Njia ya mkato ni utume. Katika mwezi wa kwanza, mzazi mmoja ajiandikishe kwenye kwaya, usomaji, au kundi la wapokezi wanaopanga watu kwenye mabenchi. Kama ni kuchagua moja, tungechagua wapokezi. Kwaya nyingi huwa na mazoezi katikati ya wiki, na mwenye kazi ya zamu atayakosa mawili matatu kisha atajitoa kimyakimya. Mpokezi ana zamu iliyoandikwa, anasimama mlangoni, anaona sura zote zinazoingia, na ndani ya wiki chache atajua Wakenya, Watanzania na Waganda wanapenda misa ipi. Hapo ndipo kundi la WhatsApp hupatikana, na si ubaoni.

Kuhusu siku. Tangu Januari 2022 wikendi ya Falme za Kiarabu ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku kwa ofisi za serikali na shule za umma. Hata hivyo mazoea ya miaka mingi ya kusali Ijumaa hayajafa, na misa bado ni nyingi kuanzia siku hiyo hadi Jumapili. Wasaidizi wa nyumbani na wafanyakazi wa hoteli na maduka makubwa, ambao siku yao ya mapumziko hupangwa na mwajiri, hunufaika sana na hilo. Familia yenye gari na watoto wadogo ikwepe misa za jioni ya Jumapili, maana maegesho ya pale ni machache kuliko watu. Maegesho ya barabarani ya kulipia huwa bure Jumapili, lakini bure hiyo wengine nao wanaijua.

Kwa wasio na gari, kituo ni Oud Metha kwenye mstari wa kijani. Anayetoka mstari mwekundu abadilishe BurJuman au Union. Nauli kwa Nol, kadi ya usafiri, ile ya rangi ya fedha (Silver), ni dirham 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili, na 7.50 zikizidi hapo; watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Mtego uko Jumapili: metro huanza saa 2 asubuhi, wakati siku nyingine inaanza saa 11 alfajiri. Anayetaka misa ya alfajiri ya Jumapili, kama alivyozoea nyumbani, itambidi apande teksi au asali Jumamosi jioni.

Sasa watoto, ambako parokia hii inastahili sifa. Katekesi hufuata mwaka wa shule, madarasa yamegawanywa kwa umri, na mahudhurio huandikwa. Uandikishaji hufunguliwa kabla shule hazijaanza mwishoni mwa Agosti au Septemba. Familia inayotua Novemba na mtoto aliyekuwa amebakiza miezi michache apate komunyo ya kwanza ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa hana rekodi na darasa limeshasonga. Dawa yake ni barua. Kabla hamjaondoka, mwombeni paroko au katekista wa nyumbani aandike kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye kichwa cha parokia na mhuri, mtoto amesoma miaka mingapi na amefikia hatua gani. Bila hiyo mwalimu hana la kufanya ila kumrudisha nyuma.

Vyeti navyo vina visa vyake. Cheti cha ubatizo cha kwetu kina namba ya kitabu, ile ya L.B.; hakikisheni inasomeka, maana vyeti vingi vya zamani vimeandikwa kwa mkono na wino umepauka. Pili, linganisheni majina na pasipoti. Mtoto kabatizwa Theresia, pasipoti inasema Neema na jina la babu limeachwa: kwa karani wa Dubai hao ni watoto wawili. Barua ya paroko inayosema majina yote ni ya mtu mmoja humaliza shida hiyo, na ni rahisi kuipata ukiwa bado Moshi kuliko ukiwa Deira ukimbembeleza binamu aende ofisi ya parokia siku ya kazi. Tatu, wanaotarajia kufunga ndoa wasibebe cheti cha zamani. Kinachotakiwa ni nakala mpya, isiyozidi miezi sita, yenye maelezo ya pembeni kuonyesha kama mtu amewahi kufunga ndoa kanisani. Kiombeni mkishapanga tarehe; kikiombwa mapema mno kitapitwa na wakati.

Yanayowakwamisha Waafrika Mashariki zaidi ya yote hayako kanisani bali nje ya geti. La kwanza ni michango. Akifiwa mtu, mkono wetu unakimbilia simu: kundi linafunguliwa, mweka hazina anatajwa, orodha ya "nimetuma" inaanza kushuka. Sheria ya shirikisho ya 2021 inayosimamia uchangishaji inaruhusu taasisi zenye kibali tu kukusanya michango kutoka kwa umma. Nia njema haikuondolei kosa, na adhabu zake ni nzito. Palipo na msiba, anzeni kwa ofisi ya parokia na ubalozi au ubalozi mdogo wa nchi yenu, kabla mtu hajatangaza namba yoyote.

La pili ni ibada za nyumbani. Sheria ya 2023 kuhusu nyumba za ibada za wasio Waislamu inataka ibada zifanyike mahali palipopewa leseni. Baba, mama na watoto kusali rozari sebuleni hakuna shida. Watu thelathini, kigoma na kayamba kwenye fleti ya Al Nahda ni jambo jingine, na mlinzi wa jengo ndiye wa kwanza kupiga simu. Wale waliozoea jumuiya ya kuzunguka nyumba kwa nyumba waombe chumba ndani ya eneo la kanisa. La tatu liko wazi: kumhubiria Mwislamu ili abadili dini ni kosa, na vipeperushi visitoke nje ya geti.

Kwa walokole na Waanglikana pale Holy Trinity, tofauti kubwa ni saa. Ukumbi ni wa zamu, na kundi linalofuata hungoja nje na vyombo vyake. Mchungaji aliyezoea kuhubiri mpaka Roho aseme basi atajifunza kuangalia saa ya ukutani. Fikeni mapema kidogo. Wimbo wa kwanza hauwasubiri.

Je, lazima iwe Oud Metha? Mnaoishi mitaa ya Marina, Jumeirah Lake Towers (JLT) au Discovery Gardens msijitese. Jebel Ali kuna St. Francis of Assisi, iliyofunguliwa 2001, katika eneo lenye makanisa mengine kadhaa, gurdwara ya Masingasinga na hekalu la Wahindu lililofunguliwa 2022. Ni kama kilomita 30 kutoka Oud Metha. Kasoro yake ni kwamba bila gari kunasumbua, kwa sababu metro haikushushi mlangoni. Hata hivyo katekesi ni ya kila wiki, na mtoto anayevushwa mji mzima kila wikendi huanza kukosa kabla ya Krismasi. Kanisa lililo karibu na kitanda cha mtoto ndilo tungelipigia kura.

Na Krismasi yenyewe: tarehe 25 Desemba si sikukuu ya kitaifa, hivyo ikiangukia siku ya kazi, wengi huwa kazini. Msongamano wote huhamia misa za usiku wa tarehe 24, na wengi husali wakiwa wamesimama uani. Wenye watoto wachanga waombe mapema, mwezi Novemba, likizo ya siku hiyo moja, waje asubuhi ya tarehe 25.

Mtoto aliyebatizwa Dubai, kumbukumbu yake hubaki kwenye kitabu cha Dubai daima. Kabla viza haijafutwa, chukueni nakala mbili za cheti, zilizopigwa mhuri, pamoja na barua ya katekesi inayoonyesha darasa alilofikia. Paroko wa nyumbani ataziuliza.