Mizani ya jikoni kwanza, saa ya mkononi baadaye: ununue nini ukitaka kupunguza uzito

Mali bila daftari, huisha bila habari. Mwili nao una hesabu yake, ila wenyewe ukikosa daftari hauishi, unajaa. Mtu anaapa kwamba hali chochote cha maana, jioni anatembea, na bado suruali inambana. Wala hasemi uongo. Hesabu tu ndiyo hana.

Wengi wakiamua kupungua, kitu cha kwanza kununua ni saa ya kuhesabu hatua. Mimi nilianza hivyo hivyo. Kwa miezi minne saa ilinipongeza kila jioni kwa fataki za rangi kwenye kioo, na uzito haukutikisika. Nilikuwa nimeandika daftari la miguu nikasahau la mdomo, na mdomo ndio wenye deni kubwa.

Lipo hata jaribio maarufu la mwaka 1992, lililochapishwa katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Watafiti walichukua watu waliolalamika kwamba hawapungui hata wakila kidogo, wakapima kwa njia za maabara wanachokula kweli na nguvu wanayotumia. Ilionekana kwamba watu hao walitaja chakula pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi wakayazidisha kwa asilimia 51. Makosa mawili, yote yanavuta upande mmoja. Mpangilio wa vifaa hapa chini unatokana na hilo: kinachosahihisha kosa kubwa kwa pesa kidogo kinakaa juu.

Kabla ya kufungua pochi: mjamzito, anayetumia dawa za kisukari, au aliyewahi kusumbuliwa na ugonjwa wa kujinyima chakula aongee na daktari kwanza. Kwa mtu wa namna hiyo ya mwisho, kupima kila punje kunaweza kumrudisha pabaya.

1. Mizani ya jikoni

Fikiria mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja ni gramu 14 hivi, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati wanga na protini zina kalori 4 kila gramu. Kwa hiyo kijiko kimoja ni kalori kama 120. Anayemimina kwa kukadiria anaweza kuweka vijiko vitatu akidhani ni kimoja, na ziada hiyo ya kalori 240 ni karibu sawa na zile ambazo mtu wa kilo 70 anachoma kwa kutembea saa nzima kwa mwendo wa kawaida. Umetembea saa nzima kufuta kosa la sekunde tatu. Hakuna saa ya mkononi itakayokwambia hivyo.

Sifa za kutafuta ni chache. Isome kwa gramu moja moja na ibebe angalau kilo 5, maana sufuria yenyewe ina uzito wake. Iwe na kitufe cha kurudisha sifuri chombo kikiwa juu. Uso uwe bapa, wa kufutika kwa kitambaa, na tarakimu zikae mbele kabisa, la sivyo sahani pana itazifunika na utaishia kuinama kuchungulia kama fundi chini ya gari. Uliza inazimika baada ya muda gani: zile zinazozimika haraka hupoteza hesabu ukiwa bado unamenya. Angalia pia betri. Zile za duara, bapa kama sarafu, mara nyingi humalizika siku ambayo hazipo nyumbani, ndiyo maana napendelea mizani inayotumia betri za kawaida au inayochajiwa.

Usilipie Bluetooth. Usilipie pia usahihi wa sehemu ya kumi ya gramu. Huo ni wa wapima hamira na viungo. Ukitaka kujua kama mizani ni nzima, weka jagi tupu, rudisha sifuri, kisha mimina chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Inapaswa kusoma karibu gramu 500. Ikisoma 450, irudishe.

Kuna ujanja mmoja wa mafuta ambao ungenifaa tangu siku ya kwanza. Weka chupa nzima ya mafuta juu ya mizani, rudisha sifuri, mimina kwenye sufuria, kisha irudishe chupa. Mizani itaonyesha namba hasi, na namba hiyo ndiyo uliyomimina. Hakuna kijiko cha kuosha wala ubishi.

Angalizo lingine: nafaka kavu hunyonya maji ikipikwa, kwa hiyo gramu 100 mbichi na gramu 100 zilizoiva ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukipima mbichi, tumia hesabu ya mbichi. Kosa hili limewakatisha tamaa watu wengi kuliko njaa.

2. Mizani ya kusimamia

Nunua ya kidijitali ya kawaida, inayosoma kwa gramu 100 na inayobeba uzito unaozidi wako kwa mbali. Iwe pana kiasi cha miguu yako kutulia. Iweke kwenye sakafu ngumu. Juu ya zulia inadanganya.

Mizani nyingi za siku hizi zina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi. Ukishuka na kupanda tena baada ya muda mfupi, zinakumbuka namba ya kwanza na kuirudia tofauti ikiwa ndogo, ili zionekane sahihi. Ijaribu dukani: jipime, shuka, panda tena ukiwa umeshika chupa ya maji ya nusu lita. Namba isipobadilika, mizani inakariri.

Pima asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kula au kunywa, kisha chukua wastani wa siku saba. Siku moja moja haina maana. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, hivyo ukiamka umeongezeka kilo moja baada ya karamu, hayo si mafuta. Hukula kalori 7,700 za ziada usiku ule. Ni maji na chakula kilichomo tumboni. Kinyume chake ni kweli pia: kilo mbili zinazoyeyuka wiki ya kwanza ya kupunguza wanga ni maji kwa sehemu kubwa, kwa sababu kila gramu ya akiba ya wanga mwilini hukaa na gramu tatu hivi za maji. Wanaouza miujiza ya siku saba wanaishi kwa gramu hizo tatu.

Vipi zile zinazosema pia asilimia ya mafuta, misuli na mifupa? Hupitisha umeme mdogo sana kutoka unyayo mmoja hadi mwingine na kukisia yaliyobaki kwa hesabu. Umeme huo unapita miguuni na nyonga, kwa hiyo kitambi, ambacho ndicho kilichokuleta dukani, karibu haukigusi. Ukinywa maji mengi namba inabadilika, ukitoka kukimbia inabadilika tena. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani asiipande kabisa, na wajawazito hushauriwa kuiepuka. Kwa wengine haina madhara, ila ile asilimia isichukuliwe kama kipimo cha hospitali, na isiwe sababu ya kulipa mara mbili.

3. Tepu ya fundi nguo

Ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa, na kuna wiki ambazo ni yenyewe tu inayosema ukweli, hasa unapofanya mazoezi ya nguvu na mizani imegoma. Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari ya maradhi kuanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, na kuwa kubwa zaidi kikipita 102 na 88. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya nyonga, ukiwa umetoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Chagua ya plastiki yenye nyuzi ngumu. Ya kitambaa hulegea kwa miaka.

4. Raba za kuvuta au vyuma

Anayepungua hapotezi mafuta peke yake, misuli nayo huondoka. Mazoezi ya nguvu husaidia kuibakiza, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima ayafanye angalau siku mbili kwa wiki, juu ya dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani.

Kwa anayeanza, seti ya raba za kuvuta zenye ugumu tofauti inatosha. Zivute dukani na utazame mishono ya mishikio, maana raba ikikatika ikiwa imevutwa inarudi usoni. Zihifadhi mbali na jua. Vyuma vya mkononi vinadumu zaidi, lakini usinunue jozi moja nyepesi ukadhani umemaliza. Ndani ya miezi miwili itakuwa ya kuzuia mlango. Vile vya kuongeza na kupunguza sahani ni ghali mwanzoni na rahisi mwishoni.

5. Programu ya simu

Hapa ndipo daftari linapoandikwa. Faida yake ni kwamba hesabu zote inazifanya yenyewe. Tatizo ni chanzo cha namba. Baadhi ya programu, MyFitnessPal ikiwemo, zina orodha kubwa mno ya vyakula ambayo sehemu yake imeingizwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo chakula kimoja unaweza kukikuta mara kumi na namba kumi. Cronometer inategemea zaidi orodha zilizohakikiwa, na ndiyo ningeanza nayo.

Usilipe ada ya mwaka siku ya kwanza. Tumia toleo la bure wiki tatu uone kama una subira ya kuandika, maana kinachoshinda watu ni uvivu wa saa mbili usiku. Jua pia kwamba cha bure kinaweza kuacha kuwa bure: mwaka 2022 MyFitnessPal ilihamishia usomaji wa msimbo wa pakiti kwenye toleo la kulipia. Na usitumie nywila ya benki yako humo. Mwaka 2018 taarifa za akaunti takriban milioni 150 za programu hiyo zilivuja.

Daftari la karatasi na kalamu? Linafanya kazi vilevile, mradi namba zimetoka kwenye mizani.

6. Saa na bangili za mkononi

Sizichukii, nimevaa moja ninapoandika haya. Ila ziwekwe mahali pake.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Mapigo ya moyo, vifaa sita kati ya saba vilipima vizuri, kosa likiwa chini ya asilimia 5. Kalori zilizochomwa ni habari nyingine: kifaa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi kwa asilimia 93. Vifaa vimebadilika tangu wakati huo, lakini kalori bado zinakisiwa. Sasa mtu anaambiwa amechoma 600, anajizawadia sahani ya 500, na kumbe alichoma 400.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, jarida la tiba la JAMA lilichapisha jaribio la Chuo Kikuu cha Pittsburgh lililofuata watu 471 kwa miaka miwili, wote wakiwa kwenye mpango wa kula na mazoezi. Waliopewa kifaa cha kuvaa walipungua kilo 3.5 kwa wastani. Wasiopewa walipungua 5.9. Jaribio moja halimalizi mjadala, ila linatosha kumnyamazisha muuzaji anayesema saa itakupunguza.

Na zile hatua 10,000 hazikutoka maabara. Zilitoka Japani mwaka 1965, kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, likageuka amri. Anayetembea 3,000 akifika 6,000 amefanya kazi kubwa.

Ukinunua, lipia betri inayokaa siku kadhaa, kwa kuwa saa iliyo kwenye chaja haihesabu. Hakikisha inaelewana na simu yako, haidai ada ya mwezi ili kukuonyesha namba zako mwenyewe, na inastahimili maji kwa alama ya 5 ATM kama unaogelea. Ivae ikibana kiasi. Ikilegea, taa za kijani zilizo chini yake hazisomi damu vizuri, na tatuu nyeusi kwenye kifundo nazo huzisumbua. Mkimbiaji anayefuata mapigo ya moyo kwa makini anunue mkanda wa kifuani badala yake. Mwingine yeyote akumbuke kwamba simu iliyo mfukoni tayari inahesabu hatua, bila kuongeza senti.

Mkanda wa tumboni wa kutoa jasho sijaupa namba. Jasho ni maji, na glasi moja inayarudisha.

7. Mashine ya kukimbilia

Ya mwisho, na si kwa ubaya wake. Ni nzito, inakula nafasi, na nyumba nyingi imekuwa kamba ya kuanikia nguo. Inunue tu ikiwa umeshatembea nje mara nne kwa wiki kwa miezi mitatu na kinachokuzuia sasa ni mvua au giza. Sampuli ndogo nyembamba za kutembelea zinatosha kwa wengi. Ukitaka ya kukimbia, panda ukimbie dukani dakika kumi kwa kasi yako halisi, uone kama mkanda unateleza au mota inanguruma, na usome uzito wa juu unaoruhusiwa.

Iliyotumika mara nyingi ni dili nzuri, kwa sababu ile ile: wenyewe hawakuikimbilia. Nenda ukaione ikiwa imewashwa, na ukikuta mishikio ina alama za hanga za nguo, mota huenda bado ni mpya.