Mwaka mmoja na Intel N100, prosesa inayokesha kwangu

Niseme kwanza mashine inafanya nini, maana watu wakisikia seva ya nyumbani wanawaza mambo makubwa. Nina maduka matatu ya spea za pikipiki. Muuzaji anaingiza mauzo kwenye simu, na mauzo yanashuka kwenye kompyuta moja iliyoko nyumbani, Tabata, Dar es Salaam. Kila baada ya saa moja skripti inapitia stoo kuona nini kinakaribia kuisha. Saa tatu usiku roboti ya Telegram inanitumia hesabu ya siku, saa nane usiku inachukuliwa bakapu, na kamera nne zinarekodi usiku na mchana. Hakuna kazi nzito hapo, ila hakuna inayoruhusu mashine izimwe.

Nilianza na deskitopu ya zamani yenye Core i7-4770. Ni prosesa ya mwaka 2013, viini vinne (sehemu zinazofanya hesabu), nyuzi nane (kila kiini kinashika kazi mbili kwa wakati mmoja), na bado ina mbio zake. Niliona nimepata seva ya bure, kwani ilikuwa inakula vumbi tu chini ya meza. Mwezi wa pili mama watoto akaniita jikoni. "Baba watoto, friji ni lile lile, feni ni zile zile. Uniti zinaenda wapi?"

Kipima umeme cha kuchomeka ukutani sikuwa nacho, nikatumia mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Mita nyingi zina kataa kekundu kanakopepesa, na pembeni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti. Ya kwangu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kila kakipepesa mara moja, wati-saa moja imeliwa. Jumapili asubuhi nikachomoa kila kitu ndani ya nyumba, ruta na kamera zikiwemo, nikabakiza kompyuta peke yake, imewaka, haina kazi. Nikasimama mbele ya mita na saa ya simu. Mpepeso hadi mpepeso, sekunde 53. Gawa 3600 kwa 53, unapata wati 68 hivi. Mashine imekaa tu, haifanyi lolote, na inakula wati 68: kadi ya picha, diski mbili, pawa saplai kuukuu na prosesa yenyewe.

Wati 68 kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 49. Nyumba yetu bila mashine ilikuwa inakula kama 60, na tuko D1, tarifa ya matumizi madogo. Huko uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na zinazozidi ni 350, kabla ya kodi na tozo. Kwa hiyo tulikuwa tunalipa 6,000, tukafika 19,400, na ukizoea kuvuka mstari unahamishiwa T1, tarifa ya kawaida, ambako ni 292 kuanzia uniti ya kwanza. Seva ya bure ilikuwa inanigharimu zaidi ya friji, feni na televisheni kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa nilikuwa naangalia mahali pasipo. Mtu akichagua prosesa anauliza ina kasi gani ikikimbia. Skripti yangu ya stoo inachukua sekunde tisa, kisha inasubiri dakika hamsini na tisa na ushei. Bakapu ni dakika kumi na mbili kwa usiku mzima. Prosesa ya kazi kama hizi inashinda ikisubiri, na umeme unaoulipia ni wa kusubiri.

Nilikwenda Kariakoo, kwa fundi ninayemwamini. Akaniambia, "Bosi, kama ni masaa ishirini na nne weka kitu cha nguvu, weka i9." i9-14900K ina viini 24, na kikomo chake cha juu ni wati 253. Isitoshe, kizazi cha 13 na cha 14 cha prosesa hizo za mezani ndicho ambacho Intel wenyewe mwaka 2024 walikiri kina tatizo la voltiji linaloweza kuichakaza prosesa, wakatoa marekebisho ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Kitu cha kukesha mwaka mzima sianzii hapo. Nikamwambia fundi mauzo yangu ya brekipadi hayahitaji i9. Tukacheka, akanionyesha nyingine.

Ya pili ilikuwa kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, yenye i5-8500T: viini sita, wati 35, ya mwaka 2018. Hii ni nzuri, na bado naipendekeza kwa mwenye kazi nzito kuliko zangu. Ila hiyo herufi T inawadanganya wengi. Inaweka kikomo cha juu tu, ili joto lisizidi kwenye kasha dogo. Mashine ikiwa imekaa bila kazi, yenye T na isiyo na T zinakaribiana sana. Vivyo hivyo ile namba ya wati kwenye karatasi ya prosesa: ni kipimo cha joto la kuondolewa kazi ikiwa nzito, haikuambii mita yako itasoma nini saa saba usiku.

Nikachukua kijikompyuta chenye Intel N100, RAM GB 16 na SSD ya GB 512, kwa laki nne na sabini. N100 ilitoka mwanzoni mwa 2023. Ina viini vinne, vyote vya ile aina ndogo inayobana umeme, haina nyuzi za ziada, kasi inafika 3.4 GHz, na karatasi inasema wati 6. Jumapili nyingine, mita ile ile, nyumba nzima imechomolewa. Nilisimama hadi nikadhani mita imekufa. Mpepeso wa kwanza, halafu dakika saba na nusu ndipo ukaja wa pili. Wati 8. Kwa mwezi ni uniti 6, na kamera zikiwa kazini naweka 8. Tukarudi chini ya 75.

Kilichonishangaza zaidi ni kamera. Zangu zinatuma picha kwa H.265, mfumo wa kubana video ili iwe ndogo. i7 ile ya 2013 haina sehemu maalumu ya kuufungua mfumo huo, kwa hiyo nikitazama kamera nne kwa pamoja viini vyenyewe ndivyo vilivyobeba mzigo na feni ikanguruma. N100 ina kitengo cha picha kinachofungua H.265 chenyewe, hata AV1, mfumo mwingine mpya zaidi, na viini vinaendelea kupumzika. Kwenye kazi hii prosesa ndogo ya bei ndogo inaipita kubwa ya zamani, na wala si kwa kasi ya viini.

Sasa lawama, na chapa ya kasha siitaji, maana makasha haya yanafanana na pengine yanatoka mstari mmoja. Langu lilikuja na kikomo cha umeme kimewekwa wati 25 kwenye BIOS. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili, bakapu ikianza prosesa ilifika nyuzijoto 92 na feni ikalia kama mbu sikioni. Nimeshusha kikomo hadi wati 12. Bakapu sasa inachukua dakika kumi na tano, joto halizidi nyuzijoto 70. SSD iliyokuja nayo, jina lake sijawahi kulisikia kabla wala baada, ilikufa mwezi wa nne. Bakapu ya saa nane ikaniokoa. Ukinunua kasha la hivi, tenga hela ya SSD ya maana siku hiyo hiyo.

Kosa jingine ni langu mwenyewe. Nilikwenda Morogoro msibani, umeme ukakatika Tabata hadi betri ikaisha. Umeme uliporudi mashine ikabaki imezima, siku mbili mauzo ya maduka matatu hayakuingia popote. Ndani ya BIOS kuna sehemu ya kuchagua mashine ifanye nini umeme ukirudi, na ya kwangu ilikuwa imeachwa ibaki imezima. Badilisha hiyo kabla hujaweka programu yoyote, kisha chomoa waya ukutani na urudishe, uone kwa macho yako inawaka yenyewe.

Betri yenyewe ni ile ndogo ya volti 12 inayotumika kwa ruta, ya wati-saa 40. Kwa kuwa mashine inakula volti 12 moja kwa moja, hakuna haja ya inveta, na napata kama saa nne. Hakikisha tu betri inatoa ampia 3 kama adapta yako. Na usiifunge mashine moja kwa moja kwenye betri ya gari au ya sola inayochajiwa, kwa sababu hiyo hupanda hadi volti 14 na zaidi.

Mipaka yake ipo. RAM inapita njia moja tu, na Intel wanaandika mwisho GB 16. Nilipoongeza programu ya kutambua watu kwenye kamera, viini vyote vinne vilijaa na ripoti ya saa tatu ikafika saa tatu na dakika kumi. Nikaihamishia kazi hiyo kwenye kitengo cha picha kwa kutumia OpenVINO, programu ya Intel ya kazi hizo, ikatulia. Lakini kama unataka mashine pepe tano, yaani kompyuta tano za kiprogramu ndani ya moja, au kuchakata video kila siku, achana nayo, rudi kwa ile i5 iliyotumika. Kwa kazi zangu naipa nyota nne. Ya tano imekwenda na ile SSD.

i7 nimempa mpwa wangu anayejifunza kuhariri video. Anaiwasha jioni, anaizima akimaliza, na kwa matumizi hayo haina neno. Umeme ni wa kwao.