Kutafuta mababu wa Ayalandi: uzoefu wangu na daftari za bure

Ukoo wa mume wangu ni Sullivan, watu wa Butte, Montana, Marekani, mji ulioinuka kwa shaba. Upande wangu, mwanangu akiuliza babu wa babu yake alikuwa nani, bibi yake kule Sengerema anamtajia jina na kijiji alikozikwa. Upande wa baba yake jibu lilikuwa moja tu: walitoka Ayalandi. Hilo halikuniridhisha. Mtoto ana pande mbili na zote ni zake. Basi nikaanza kutafuta, na sasa nawaandikia Waswahili wenzangu waliooa, kuolewa au kuzaliwa katika familia za Kiayalandi, maana nimeshajua huduma zipi zinafaa na zipi zitakula pesa yako bure.

Niseme mapema: huduma bora kuliko zote nilizotumia hailipiwi, na inatolewa na serikali ya Ayalandi yenyewe. Ni tovuti ya IrishGenealogy.ie. Humo unaona picha za kurasa halisi za daftari za usajili: vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndoa za zaidi ya miaka 75 na vifo vya zaidi ya miaka 50. Usajili wa vizazi, vifo na ndoa za Wakatoliki ulianza 1864, ndoa za wasio Wakatoliki zikiwa zimetangulia kuandikwa tangu 1845. Picha unaipakua na kuihifadhi bila kulipa hata senti.

Lakini usiende huko na jina peke yake. Rasi ya Beara, kusini-magharibi mwa Ayalandi, ambako machimbo ya shaba ya Allihies yalifunguliwa 1812, imejaa akina Sullivan na akina Harrington. Shaba ya Allihies ilipofifia, wachimbaji wake wengi walivuka bahari wakaishia Butte, na huko nako akina Sullivan wakajaa. Ukitafuta jina la kwanza na la ukoo tu, unaletewa watu wengi wenye majina yaleyale, waliozaliwa miaka ileile, kaunti ileile.

Kwa hiyo kazi inaanzia huku alikofia yule mzee aliyehama kutoka Ayalandi. Nilikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya Butte-Silver Bow, nikatafuta cheti cha ndoa na tangazo la kifo gazetini. Cheti cha ndoa kilitaja wazazi wake wote wawili, na mama akatajwa kwa ukoo wa kwao: Harrington. Gazeti likaongeza kwamba marehemu alikuwa mzaliwa wa Castletown Bere. Cheti cha kifo, ambacho watu wengi hukikimbilia kwanza, kwenye mahali pa kuzaliwa kilisema "Ayalandi" tu. Kama una muda wa kutafuta karatasi moja, tafuta ya ndoa.

Nilipokuwa na majina ya wazazi na eneo, lile rundo la watu likapungua mpaka nikampata. Aliandikishwa wilaya ya Castletown, kazi ya baba mchimba madini, makazi kitongoji cha Kealogue. Mama ndiye aliyekwenda kuandikisha, na pale pa sahihi pana alama ya X na maneno ya karani kuthibitisha kwamba ni alama yake. Nilimwita mume wangu aje aione. Mwanamke huyo hakuwahi kuandika jina lake, lakini vilembwe wake wameiona alama ya mkono wake.

Ubatizo nao umo kwenye tovuti hiyohiyo, kwa baadhi ya maeneo: Kerry, jiji la Dublin, sehemu ya Cork. Hapa kuna jambo lililonichelewesha na ambalo sikuliona limeelezwa popote kwa uwazi. Allihies kiserikali ni kaunti ya Cork, lakini kikanisa Beara iko jimbo la Kerry. Ukichagua Cork kwenye utafutaji wa kanisa, hutaona kitu. Chagua Kerry. Pia usishangae ubatizo ukitangulia tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye daftari la serikali. Wazazi waliochelewa kuandikisha walitozwa faini, kwa hiyo wengine walisogeza tarehe ya kuzaliwa mbele ili kuikwepa. Tarehe ya padri ndiyo ninayoiamini.

Nje ya maeneo hayo utakwenda kwenye Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, ambayo tangu 2015 imeweka mtandaoni, bure, picha za daftari za parokia za Kikatoliki mpaka karibu 1880. Ni hazina, ila inataka subira. Maktaba haijaweka faharasa ya majina, mwandiko ni wa padri mwenye haraka, na majina mara nyingi ni ya Kilatini: James anakuwa Jacobus, William anakuwa Gulielmus. Ukishaijua parokia, unapitia ukurasa kwa ukurasa. Usipoijua, afadhali uache kwanza.

Sensa ndiyo inayoumiza moyo. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Hifadhi ya Nyaraka katika Four Courts, Dublin, iliteketea, na sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote zikaenda na moto. Za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimeshaharibiwa na serikali yenyewe. Kwa hiyo sensa za kabla ya moto huo zilizobaki kamili ni za 1901 na 1911, na ziko wazi bila malipo kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa. Ile ya 1911 naipenda sana, maana wanawake walioolewa waliulizwa miaka ya ndoa, watoto waliozaa na wangapi wako hai. Linganisha na ya 1901 utaona wazee walioongezeka miaka 15 ndani ya miaka 10. Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa 1909 kwa wenye miaka 70, na wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo wengine walijiongezea miaka ili waipate.

Kuhusu kampuni za kulipia, mojawapo niliyojiunga nayo ilinipa "mababu" kwa kunakili miti ya watu wengine, ikamwunganisha babu yetu na familia ya kaunti nyingine kabisa kwa sababu tu majina yalifanana. Nililipa kuona rekodi ambazo serikali inazitoa bure. Kuna huduma ya kulipia yenye maana, RootsIreland, inayotumia kumbukumbu zilizonakiliwa na vituo vya kaunti, lakini iache mpaka uwe umemaliza za bure.

Sasa nije kwenye kilichonifungulia mlango ambao daftari hazikuufungua. Shirika la Ireland Reaching Out lina wajitolea wanaofuatilia parokia zao na kujibu maulizo ya watu wa nje, bure. Kabla ya kuandika ulizo langu nilisoma matangazo ya zamani ya The Pilot, gazeti la Boston, ambalo kuanzia 1831 hadi 1921 lilichapisha matangazo ya Waayalandi waliotafuta ndugu zao waliopotezana nao Marekani. Aliyekulia na matangazo ya vifo ya Redio Tanzania atayaelewa mara moja: mtu anatajwa kwa kwao na kwa ndugu zake, mpaka asiweze kuchanganywa na mwingine. Kaunti, parokia, mara nyingi kitongoji, mwaka aliosafiri, mahali alikoonekana mwisho, na nani anamtafuta.

Nami nikaandika hivyohivyo. Majina ya wazazi pamoja na ukoo wa mama, kitongoji, dini, kazi ya baba, majina ya ndugu wote niliowapata, wasimamizi wa ubatizo, na rekodi nilizokwisha kuzipitia ili mtu asirudie kazi. Sikuandika habari za mtu yeyote aliye hai. Aliyejibu alikuwa mtu wa Beara. Alieleza kwamba akina Sullivan wa huko ni wengi kiasi kwamba kila tawi lina jina lake la ziada, na karani wakati mwingine aliandika jina la tawi badala ya Sullivan. Akanipa jina la tawi alilolishuku, kwa sababu msimamizi mmoja wa ubatizo alikuwa wa tawi hilo. Nilipotafuta kwa jina hilo, wakatokea dada wawili ambao familia ya Butte haikuwa na habari nao kabisa. Daftari zilikuwa nao muda wote. Hakuna mashine ambayo ingeniambia nibadilishe jina.

IrishGenealogy.ie naipa nyota tano. Maktaba ya Taifa nne, kwa ugumu wa kusoma. Wajitolea wa parokia nawapa tano na shukrani, ingawa majibu huchukua muda na si kila parokia ina mtu. Kama watu wenu ni wa Kaskazini, mfano Wapresbiteri wa Antrim au Down, njia inabadilika: usajili wa kaunti sita za huko uko IrishGenealogy.ie mpaka 1921 tu, baada ya hapo unalipia kwa ofisi ya usajili ya Ayalandi ya Kaskazini, na nyaraka nyingine mzitafute PRONI, yaani hifadhi ya nyaraka za umma ya Ayalandi ya Kaskazini, Belfast.