Baiskeli ya shokapu mbili kwa bei ya mtumba: miezi minane kwenye vumbi la Arusha

Mwenye hela ya kawaida akitafuta baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma, ajue kwamba ananunua vitu viwili tu: shokapu ya nyuma na beringi za fremu. Gia, breki, tairi na kiti vinabadilishika kwa fundi yeyote mwenye spana. Hivyo viwili vikiwa vimekufa, bei nafuu uliyofurahia inarudi kudai chake ndani ya mwezi mmoja.

Ninayoizungumzia ni ya mtumba: fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 27.5, shokapu zinazoruhusu kila gurudumu, la mbele na la nyuma, kupanda milimita 120, sahani moja ya meno 32 mbele na gia 10 nyuma, breki za mafuta. Nililipa shilingi 1,400,000. Chapa siitaji kwa sababu utakayoikuta wewe sokoni itakuwa nyingine, na ukaguzi ni uleule. Nimeipitisha kwenye njia za msitu wa Olmotonyi, kwenye mitelemko ya chini ya Meru na kwenye vichochoro vya pembeni mwa mashamba ya kahawa, kiangazi na masika.

Kwanza niseme kuhusu zile mpya zinazong'aa madukani, zenye springi nene nyekundu katikati ya fremu. Usinunue. Springi ile mara nyingi haina mafuta ya kutuliza mrudi, yaani kurudi juu baada ya kuzama, kwa hiyo kila ukipita shimo inakurusha, na kila ukikanyaga pedali kupanda kilima inakula nguvu yako ikicheza juu chini. Nyingi zina kilo 18 au zaidi. Gurudumu la nyuma limefungwa friwili ya gia saba inayosokotwa juu ya habu, kile kitovu cha gurudumu, na hapo ndipo ekseli inapopinda: beringi ya upande wa gia imekaa ndani kabisa kwenye habu, kipande kirefu cha ekseli kinabaki nje bila kushikwa, na miruko michache ya uzito wako inakimaliza. Soma pia stika ndogo kwenye fremu. Baadhi zimeandikwa wazi kwamba si za kuruka wala njia mbaya. Kwa hela hiyohiyo, baiskeli yenye shokapu ya mbele tu itakupeleka mbali zaidi.

Turudi kwenye mtumba. Ukifika kwa muuzaji, usianze na gia. Lalia kiti kwa kifua na mikono yote miwili hadi shokapu izame, kisha achia ghafla. Nzima hurudi juu kwa utulivu na kusimama. Ikichomoka kama mpira hadi tairi ikaacha ardhi, jaribu kwanza kuzungusha ringi nyekundu ya mrudi. Kama haibadilishi chochote, mafuta ya ndani yamevuja. Sikiliza pia. Sauti ya kukamua sifongo lenye povu maana yake hewa imeingia kwenye mafuta. Huko ni kufungua upande wa mafuta, kujaza upya na mara nyingi kupiga naitrojeni, kazi ambayo fundi wa mtaani hana kifaa chake. Kama tatizo ni mihuri ya chumba cha hewa tu, zile ringi za mpira zinazozuia kuvuja, usiogope: seti ya mihuri ya kuagiza ni kama dola 30 na kazi yenyewe inafanyika mezani nyumbani.

Soma maandishi kwenye mwili wa shokapu. Yangu ni 200 kwa 51, yaani milimita 200 kutoka katikati ya tundu moja la bolti hadi katikati ya jingine, na milimita 51 za kuzama kwa shokapu yenyewe, ambazo kupitia viungo vya fremu zinatoa zile 120 za gurudumu. Vipimo vya namna hii ni vya zamani. Mwaka 2016 vilikuja vingine kama 210 kwa 55, navyo haviingiliani na vya zamani. Fremu inayotumia kipimo cha ajabu cha kampuni moja iache hapohapo, maana shokapu ikifa utakuwa na pambo la ukutani.

Sasa simama nyuma ya baiskeli, shika kiti kwa vidole viwili, inua kidogo sana bila gurudumu kutoka chini, shusha, inua tena. Ukihisi "tak" ndogo, kuna kitu kimelika. Weka kidole cha mkono wa pili kwenye jicho la shokapu, mahali bolti inapopita, urudie. Mlio ukisikika hapo, ni bushi, kitu kidogo cha bei ndogo. Ukisikika chini karibu na krenki, ni beringi za kiungo kikuu, pale sehemu ya nyuma ya fremu inapojikunja. Halafu chukua kitambaa chenye petroli kidogo, futa maungio yote ya kuchomelea, hasa pale bomba la kiti linapokutana na kiungo kikuu na nyuma ya shingo ya usukani, kisha pitisha pamba kavu. Pamba ikinasa nyuzi, angalia kwa tochi. Ufa wa rangi hauna pande mbili zinazoachana; ufa wa alumini unaachana ukibonyeza fremu. Kwenye huo usijadili bei.

Foko ya mbele nayo itazame miguuni. Yenye ekseli nene ya milimita 15 haitetemeki ukifunga breki kwenye mawe. Ile ya kufungwa kwa kishikizo chembamba inafaa kwa anayeanza, lakini utaihisi ikijipinda.

Kifaa ambacho wanaoanza hawakinunui, na ndicho cha kwanza kununua, ni pampu ya shokapu. Ile ya miguu haifai: chumba cha hewa ni kidogo, presha ni kubwa, na ukiichomoa tu hewa yote imekwenda. Wala usipeleke baiskeli kwenye kompresa ya gereji, mihuri itakuaga siku hiyohiyo.

Nina kilo 70, na nikivaa kofia na begi la maji nafika 74. Nilianzia psi 150. Ukishajaza, kandamiza shokapu mara kumi hivi, maana hewa inagawanyika kwenye chumba cha pili na geji inashuka. Ongeza tena hadi kipimo ulichotaka. Egemea ukuta, sukuma ile ringi ya mpira iliyo kwenye mhimili wa shokapu hadi iguse muhuri, kaa taratibu na mzigo wako wote, shuka bila kurukaruka. Pima kwa rula ringi imesogea kiasi gani: hicho ndicho shokapu inachozama kwa uzito wako tu. Kwa mwendo wa milimita 51, asilimia 30 ni 15, nami ndiyo ninayoitaka kwa mawe na mizizi. Asilimia 25, kama 13, kwa anayepanda milima zaidi ya kushuka. Mimi nilimaliza kwenye psi 165. Mbele natumia milimita 25 kati ya 120.

Jambo moja linalowachanganya wengi: ile "pssss" unayoisikia ukifungua pampu ni hewa ya kwenye mpira wa pampu, si ya shokapu. Ukiirudisha pampu ili kuhakiki, geji inasoma chini kwa sababu sehemu ya hewa imetoka kwenye shokapu kwenda kujaza mpira. Mtu anaamini inavuja, anaongeza, anapima, anaongeza, mwisho anaendesha gogo.

Mrudi uweke kwa ukingo wa barabara wa kama sentimita 15. Shuka nao ukiwa umekaa. Baiskeli iinuke mara moja na kutulia. Ikinesa mara mbili, zungusha ringi nyekundu kibonyezo kimoja kuelekea alama ya kobe. Ikibaki imelala, kuelekea sungura.

Uendeshaji wenyewe? Kwenye mizizi ya Olmotonyi gurudumu la nyuma linashika ardhi badala ya kudunda, na anayeanza anaweza kubaki amekaa pale ambapo kwenye baiskeli ngumu angelazimika kusimama. Kona za vumbi laini zinasamehe. Kupanda ni habari nyingine: kwenye barabara ya changarawe nafunga shokapu isicheze kwa kiwiko chake kidogo, la sivyo unaogelea. Na kwa safari za lami za kila siku, sioni sababu ya mtu kubeba kilo 14 na viungo vinane.

Kwenye viungo vya fremu, kilichokufa kwanza ni beringi za kiungo kikuu, mwezi wa tano wa kuitumia. Vumbi la Arusha ni la volkano, jembamba kama unga wa muhogo, na linapita kwenye mihuri. Mvua ikija linageuka msasa. Kosa langu lilikuwa kuioshea pale wanapooshea magari, kwa maji ya presha. Maji yale yanasukuma grisi nje na kuacha tope ndani. Sasa naosha kwa ndoo, brashi na sabuni kidogo.

Habari njema ni kwamba beringi hizi zina namba za kawaida. Zangu zimeandikwa 6902 2RS pembeni, ambayo ni milimita 15 ndani, 28 nje, unene 7, na duka la beringi za pikipiki na mashine linazo. Tofauti ni moja. Zilizotengenezwa kwa ajili ya fremu zimejazwa gololi mpaka mwisho bila kizimba cha kuzitenganisha, kwa sababu hazizunguki bali zinatikisika kidogo tu mahali palepale, chini ya mzigo. Za kawaida zina kizimba na gololi chache, kwa hiyo zinachimba mashimo mapema. Mimi naweka za kawaida na kukubali kuzibadilisha mara mbili kwa mwaka. Kabla ya kuzifunga, chokoa muhuri wa mpira kwa ncha ya kisu, jaza grisi ya kuzuia maji hadi ifurike, rudisha muhuri.

Usiruhusu fundi azigonge kwa nyundo. Alumini ya nyumba ya beringi ikishapanuka hairudi. Tumia fimbo yenye nyuzi ya milimita 10, nati mbili, washa (pete bapa za chuma), na soketi iliyo saizi ya ringi ya nje ya beringi. Kaza taratibu, iingie imenyooka. Ukisukuma kwa ringi ya ndani umeiharibu kabla haijatembea. Bolti za viungo weka tone la gundi ya nyuzi ya bluu na ukaze kwa kipimo kilichochorwa karibu na kichwa cha bolti.

Kwenye breki kuna hatari moja, nayo inatoka gereji. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Fundi wa pikipiki atakujazia DOT, yale mafuta ya breki za magari na pikipiki, kwa nia njema kabisa, na mihuri itavimba, mkono wa breki utaganda, seti nzima itakuwa ya kutupa. Breki nyingi za SRAM ndizo zinazotaka DOT. Soma kifuniko cha kichupa juu ya mkono wa breki, kimeandikwa.

Tairi ni mahali ambapo Tanzania ina masharti yake. Inchi 26 zinapatikana kila soko, kwa hiyo baiskeli ya zamani ya inchi 26 ina faida ambayo Ulaya imeipoteza, ingawa nyingi zina kikono kirefu kinachopeleka usukani mbele na shingo iliyosimama sana, zinatisha kwenye mteremko. Ukichukua inchi 29, usidanganyike na tairi za "28" za baiskeli nyeusi za mizigo. Zile zina kipenyo cha rimu cha milimita 635, na 29 ni 622. Haikai hata ulazimishe. Kwa 27.5, ambayo ni 584, agiza tairi ya akiba mapema. Kwa miiba ya migunga nimetoa tyubu na kuweka maji ya kuziba, mililita 100 kila gurudumu, psi 24 mbele na 27 nyuma. Kwa joto letu yanakauka ndani ya miezi miwili hadi mitatu, uongeze.

Anayeweza kufikia dola 1,500 hadi 2,000 kwa mpya anaingia kwenye kundi la Giant Stance, Marin Rift Zone na Polygon Siskiu, hii ya mwisho ikitoka Indonesia. Ningeanza na Stance kwa sababu moja ya kifundi: haina kiungo karibu na ekseli ya nyuma, mabomba yenyewe ndiyo yanayopinda kidogo, hivyo beringi za kulishwa vumbi ni chache.

Vyovyote utakavyochagua, siku ya kulipa agiza hanga mbili, kile kipande cha alumini kinachoshika kibadilisha gia. Fremu nyingi zina umbo lake, kimetengenezwa kivunjike kabla ya fremu, na cha jirani yako huenda kisiingie. Cha kwanza changu kilivunjika wiki ya tatu. Cha pili kiko ndani ya begi, kimefungwa kwa utepe pamoja na bolti yake.