Chumbe: malazi ya kisiwani yasiyomwaga majitaka baharini

Anayechagua hoteli ya pwani huko Zanzibar huuliza bei, chakula na umbali wa ufukwe, lakini ni nadra kuuliza maji ya chooni na ya kuogea yanaishia wapi, ingawa jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama bahari aliyoifuata itaendelea kufaa kuogelea, kuvua na kulima mwani. Kwa kipimo hicho, Chumbe Island Coral Park, hifadhi iliyo kwenye kisiwa kidogo cha Chumbe kusini magharibi ya Mji wa Zanzibar, inastahili sifa kuliko malazi yoyote ya ufukweni ninayoyafahamu.

Kisiwa chenyewe hakina maji ya ardhini yasiyo ya chumvi. Mapaa mapana ya nyumba zake 7 za wageni hukinga mvua, maji yakachujwa na kuwekwa katika birika lililo chini ya nyumba, na mgeni huoga maji hayo hayo yakiwa yamepashwa moto kwa jua. Choo si cha kuvuta maji. Kando yake kuna mchanganyiko mkavu wa majani, na kila amalizaye haja humimina konzi moja au mbili, kisha kazi iliyobaki hufanywa na hewa na bakteria mpaka kinyesi kigeuke mboji. Nilikuwa na shaka kuhusu harufu, hasa katika joto la Kaskazi, lakini kilichonukia mle ndani kilikuwa udongo na majani makavu tu. Maji ya kuogea na kunawia nayo hayaachwi yajiendee. Hupitishwa kwenye vichujio, kisha kwenye vitalu vilivyopandwa mimea inayofyonza naitrati na fosfati, yaani virutubisho vilivyomo katika maji hayo, kabla havijafika kwenye mwamba wa matumbawe.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu sehemu kubwa ya pwani ya Unguja, hasa upande wa mashariki ambako hoteli zimesongamana, imekaa juu ya jiwe la matumbawe la kale lenye matundu na mianya mingi. Hoteli inayochimba karo, yaani shimo la majitaka, katika jiwe hilo na kuliacha bila kulisakafia vizuri haijayazuia majitaka, imeyachelewesha tu, kwani yatapenya hadi kwenye maji ya visima na hatimaye kuchuruzika ufukweni. Matumbawe hustawi katika maji maangavu yenye virutubisho haba. Majitaka yakizidi, miani huyafunika, na samaki waliokuwa wakijificha humo hupungua. Huko Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, hali ni ya wazi zaidi, maana kwa miongo mingi mabomba yake yamekuwa yakimwaga majitaka yasiyosafishwa karibu na ufukwe, si mbali na mahali ambapo vijana wa Forodhani hujirusha majini jioni.

Wanaoumia kwanza si watalii. Kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji kama Paje na Jambiani, kinategemea zaidi wanawake, ambao maji yakipwa huingia baharini na kushinda humo kwa saa nyingi wakifunga mbegu kwenye kamba. Ni dhuluma kuwatia watu hao katika maji yanayopokea uchafu wa biashara wasiyogawiwa faida yake, na inaniuma kuona jambo hilo likichukuliwa kuwa gharama ya kawaida ya maendeleo.

Mfumo wa Chumbe hauwezi kuhamishiwa mjini ulivyo. Vyoo vya mboji vinahitaji nafasi, wahudumu wavumilivu na wageni wachache, ilhali mji wenye msongamano unahitaji mabomba na mtambo wa kusafisha majitaka. Hata hivyo, vitalu vya mimea vinaweza kujengwa na hoteli yoyote yenye bustani, na hoteli inayomwagilia nyasi kila siku haiwezi kudai kwamba haina nafasi.

Kuhusu huduma nyingine sina mengi. Umeme ni wa jua, kiyoyozi hakuna, na miamba iliyohifadhiwa tangu 1994 hutembelewa pamoja na walinzi, baadhi yao wakiwa wavuvi wa zamani, wanaoifahamu kwa undani. Wanafunzi wa shule za Zanzibar nao hupelekwa huko kujifunza mazingira. Anayetaka bwawa la kuogelea na muziki wa usiku atafute kwingine. Anayekwenda, hata kwa siku moja, apande mashua kutoka Mbweni, na baada ya kuyaona matumbawe aombe pia kuoneshwa vile vitalu nyuma ya nyumba.